Mfalme Aliyekikata Kitabu kwa Kisu

Somo letu: Yeremia, mlango wa 36



Mlango huu husomwa mara chache katika sharika zetu. Twawaomba mwusome nyumbani, wazee pamoja na vijana, kwani habari yake yatuhusu sana siku hizi.

Ilikuwa mwezi wa tisa, wakati wa baridi. Yehoyakimu, mfalme wa Yuda, alikuwa amekaa katika nyumba yake ya wakati wa baridi, na makaa yalikuwa yakiwaka mbele yake. Akaletewa kitabu. Hakikuwa kitabu cha kurasa kama vyetu, bali gombo la kukunjwa, ambalo Baruku aliliandika kwa wino kama Yeremia alivyomtamkia. Gombo hilo lilikuwa limekwisha kusomwa katika nyumba ya Bwana mbele ya watu waliokuja kufunga, kisha mbele ya wakuu, nao wakuu waliposikia walishikwa na hofu. Sasa likasomwa mbele ya mfalme. Kila Yehudi alipokwisha kusoma safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu cha mwandishi, akazitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Elnathani, Delaya na Gemaria walimsihi asilichome, lakini hakuwasikia. Kisha akaagiza Yeremia na Baruku wakamatwe. Walakini Bwana aliwaficha.

Tuangalie vema, ndugu, jambo ambalo mfalme hakulifanya. Hakujibu neno hata moja. Hakusema, "Jambo hili ni uongo, nanyi nitawaonyesha uongo wake." Hakumwita Yeremia aje kuhukumiwa mbele ya wazee. Alikuwa na askari, na kuta, na hazina, lakini aliogopa gombo. Akadhani ya kuwa neno lisiposikiwa, basi na jambo lenyewe limekwisha.

Twaandika haya kwa sababu kisu kile hakijapotea duniani. Kimebadili umbo tu.

Siku hizi watu hawapelekeani habari kwa magombo. Hata mkulima aliye mbali na barabara hutoa simu mfukoni, akauliza bei ya kahawa, akampelekea mtoto wake ada ya shule, akasoma habari za nchi, akatazama picha ya mjukuu aliyezaliwa jana. Hiyo ndiyo kazi ya intaneti. Habari hutoka katika simu, huenda kwenye mnara, toka mnarani hupita katika nyaya za nchi kavu, na toka huko katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Njia ni ndefu, lakini milango yake ni michache, na makampuni yanayoilinda hufanya kazi kwa leseni ya serikali. Kwa hiyo barua moja ya amri yatosha. Mtawala akitaka, nchi nzima huwa bubu kwa muda wa saa chache.

Tena kisu hiki hukata kwa namna nyingi. Pengine intaneti yote hufungwa. Pengine hufungwa yale mabaraza tu ambamo watu huzungumza mambo ya nchi. Pengine mwendo wake hupunguzwa mpaka picha isipite. Pengine hutozwa kodi, kama huko Uganda toka Julai 2018 mpaka 2021, kila mtu alipotakiwa kulipa shilingi 200 kwa siku ndipo aruhusiwe kuingia katika mabaraza hayo. Tajiri alilipa akaingia; maskini alibaki mlangoni.

Wala mambo haya si ya mbali. Misri ilifunga intaneti yake Januari 2011, watu walipojaa barabarani. Kongo ilifunga 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikakaa gizani karibu majuma matatu. Uganda ilifunga usiku wa kuamkia uchaguzi wa 14 Januari 2021. Na sisi tulio Tanzania tulikionja kikombe hicho siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilipokatika nchi nzima, ikakaa siku kadhaa isirudi. Kila mmoja akumbuke jinsi siku zile zilivyokuwa: mama asiyejua mwanawe yuko wapi, na uvumi ukipita toka mlango hata mlango, wala hapakuwa na njia ya kuupima.

Lakini mtu akitazama kidonda chake mwenyewe, macho yake hujaa machozi asione vizuri. Basi na tutazame kwanza kidonda cha ndugu yetu, tupate kukielewa na cha kwetu. Na tuitazame nchi ya Kameruni.

Nchi hiyo ina historia inayofanana na ya kwetu. Ilitawaliwa na Wadachi kama Tanganyika ilivyotawaliwa, na baada ya vita vya 1914 mpaka 1918 iligawanywa: sehemu kubwa ilishikwa na Wafaransa, na sehemu ndogo, mpakani mwa Nigeria, ikashikwa na Waingereza. Mwaka 1961 watu wa kusini ya sehemu ile ya Waingereza walipiga kura, wakajiunga na wenzao. Hivyo mpaka leo mikoa miwili, Kaskazini-Magharibi na Kusini-Magharibi, husema Kiingereza, na mingine minane husema Kifaransa. Kanisa la Kilutheri nalo liko Kameruni, hasa upande wa kaskazini, huko Ngaoundéré.

Oktoba 2016 mawakili wa mikoa ile miwili walitoka nje ya mahakama, wakilalamika ya kuwa waletewa mahakimu wasiozijua sheria zao wala lugha yao. Mwezi uliofuata walimu waliacha kazi kwa malalamiko ya namna ile ile. Hilo ndilo gombo lao: maneno ya watu waliosoma, yenye sababu ambazo mtu aweza kuzijibu. Serikali ilizungumza nao kidogo. Watu wakaanza kupelekewa maonyo katika simu zao, ya kwamba mtu atakayeeneza habari asizoweza kuzithibitisha atafungwa. Kisha, 17 Januari 2017, serikali ilipiga marufuku chama kilichowaunganisha walalamikaji, ikawakamata viongozi wake wawili, na siku ile ile intaneti ikakatwa katika mikoa ile miwili. Mikoa iliyobaki iliendelea kama kawaida. Ikawa hivyo siku 93, mpaka 20 Aprili.

Siku 93, ndugu! Tuhesabu ni nani walioumia. Katika mji wa Buea, chini ya Mlima Kameruni, wako vijana wengi wanaopata riziki kwa kutengeneza programu. Kazi yao ilikufa siku moja. Wengine walipanda magari kwenda Douala, wakatuma kazi zao, wakarudi. Na wengine walikodi chumba katika kijiji cha Bonako, ng'ambo ya mpaka wa mkoa, wakakiita kambi ya wakimbizi wa intaneti. Huko Bamenda alikuwako kijana wa miaka 17, ambaye aliimaliza kazi yake ya mashindano ya kampuni ya Google siku moja tu kabla ya kukatwa. Alishinda, naye alikuwa wa kwanza toka Afrika kuyashinda mashindano yale. Lakini ili aendelee na mafunzo yake alilazimika kusafiri mpaka Yaoundé, mwendo wa kilomita zaidi ya 300. Wenye maduka, wenye kazi za benki, wanafunzi wa vyuo, wote waliadhibiwa. Je, hao wote walikuwa wamefanya kosa gani? Hakuna aliyewaita mahakamani, wala hakuna aliyewasomea mashtaka.

Tena je, amani ilipatikana? Haikupatikana. Kabla ya mwaka ule 2017 kwisha, wale waliokuwa wakisema kwa midomo walifuatwa na wengine waliosema kwa bunduki, na vita vilivyoanza huko vimewaua watu kwa maelfu, na kuwafukuza mamia ya maelfu katika vijiji vyao. Hatusemi ya kuwa kukatwa kwa intaneti peke yake kulileta vita. Dhambi za pande zote mbili ni nyingi. Lakini twasema hivi: serikali iliyokataa kusoma gombo haikuondolewa jambo lililoandikwa gomboni. Yehoyakimu alilichoma onyo la Yeremia, wala Babeli haikuacha kuja.

Hapa twajua ya kuwa mwenzetu mmoja atasimama aseme, "Ninyi mwatufundisha uasi. Je, Mtume Paulo hakuwaandikia Warumi, katika mlango wa 13, ya kuwa wakuu wamewekwa na Mungu, na upanga wao si wa bure?" Ndivyo, ndugu, wala hatulifuti neno hilo. Katika Katekisimo Kubwa Martin Luther aliwaweka watawala chini ya amri ya nne, pamoja na baba na mama. Na katika Katekisimo Ndogo, alipoeleza ombi la mkate wetu wa kila siku, aliitia na serikali njema ndani ya mkate ule. Nchi isiyo na serikali ni shamba lisilo na mlinzi, nguruwe watalimaliza.

Tena twakubali ya kuwa maneno yaweza kuua. Rwanda, mwaka 1994, redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, ikawachochea watu wawaue jirani zao. Kinywa cha namna hiyo ni haki kufungwa, tena upesi. Lakini tuangalie mambo mawili. Kwanza, kile kilikuwa kinywa kinachojulikana, chenye wenyewe na majina yao, nao wengine walihukumiwa baadaye mahakamani kwa mashahidi na kwa ushuhuda. Pili, redio ile haikuwa kinywa cha wanyonge. Ilikuwa ya watu waliokaa karibu na wenye nguvu. Mtawala aliyepewa uwezo wa kunyamazisha watu wote hatauanzia kwa rafiki zake.

Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka kila mwinjilisti aifahamu na kuifundisha. Kumwadhibu mchochezi kwa sheria ni kazi ya upanga alioutaja Paulo. Lakini kuwafunga vinywa watu wote kwa ajili ya wachache, ni kumwadhibu mwenye haki pamoja na mwovu. Ibrahimu alisimama mbele ya Mungu mwenyewe akauliza kama yafaa watu wa haki wa Sodoma waangamizwe pamoja na waovu, na Mungu hakumkasirikia kwa swali lile. Alimsikiliza mpaka mwisho. Ikiwa Mwenyezi Mungu alikubali kuulizwa swali hilo, je, waziri atakataa?

Na sisi Walutheri tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine, maana tulizaliwa ndani yake. Septemba 1522 Agano Jipya lilitoka Wittenberg katika Kijerumani cha Luther, nalo likaenea upesi kwa kazi ya mitambo ya kupiga chapa. Kabla ya mwaka kwisha Mtawala George, aliyeishika sehemu moja ya Saksonia, alilipiga marufuku, akaamuru walio nalo walitoe. Yeye naye alisema yuawalinda watu wake na mafundisho mabaya. Basi mwaka 1523 Luther aliandika kitabu juu ya serikali ya dunia, akiuliza imepaswa kutiiwa mpaka wapi. Akafundisha hivi: serikali yatawala mwili na mali, lakini roho na imani hazikutiwa mkononi mwake. Kwa hiyo watu wasipeleke hata karatasi moja kwa mikono yao wenyewe. Lakini askari wakiingia nyumbani na kuvichukua vitabu kwa nguvu, wasiwapige. Wavumilie udhalimu huo, bila kuusifu na bila kuusaidia.

Twajua ya kuwa intaneti si Agano Jipya. Hupitisha na takataka nyingi. Lakini fundisho la Luther lafika mbali kuliko kitabu kimoja. Latuonyesha ya kuwa iko njia ya Mkristo kati ya panga na ukimya. Hapigi, wala hasemi ya kuwa uovu ni wema. Huteswa, naye hushuhudia.

Tena iko habari nyingine ambayo wengi wetu hatujaisikia. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, na mataifa yakakusanyika kuandika Tamko la Haki za Binadamu, alikuwako kati ya wasaidizi wa kazi ile mchungaji Mlutheri wa Marekani, jina lake O. Frederick Nolde, aliyetumwa kwa niaba ya makanisa. Yeye alishughulika hasa na kifungu cha 18, kinacholinda uhuru wa dhamiri na wa dini. Na kifungu kinachokifuata, cha 19, kinasema ya kuwa kila mtu ana haki ya kuwa na mawazo yake, na ya kutafuta habari, kuzipokea na kuzitoa kwa njia yo yote, bila kuzuiwa na mipaka ya nchi. Vifungu hivyo viwili vinakaa pamoja kama ndugu wawili wa nyumba moja, maana dhamiri isiyoruhusiwa kusema wala kusikia ni mfungwa. Tamko lile lilikubaliwa 10 Desemba 1948. Mwaka 2016 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikemea tendo la kuwazuia watu kwa makusudi wasiifikie intaneti. Na Juni 2020 mahakama ya nchi za Afrika Magharibi iliamua ya kuwa Togo, ilipofunga intaneti Septemba 2017, ilivunja haki ya watu wake, ikaiamuru iwalipe walioshtaki. Basi asiwepo mtu wa kusema ya kuwa haki hii ni jambo la Wazungu tu. Waamuzi wale walikuwa Waafrika.

Lakini ndugu, kabla ya kumnyoshea mtawala kidole, tujitazame wenyewe. Amri ya nane hutukataza kumshuhudia jirani uongo, na maelezo yake katika Katekisimo hututaka tumtetee, tumsemee mema na kuyageuza yote kwa upande wa wema. Ni wangapi kati yetu waliopokea maneno ya kashfa katika simu, wakayapeleka mbele kwa watu hamsini kabla ya kumaliza kuyasoma? Ni wangapi waliotukana kabila la watu, au dini ya watu, kwa sababu uso wao haukuonekana? Kila mara tufanyapo hivyo twampa mtawala jiwe la kunolea kisu chake. Yeye husema, "Waoneni, hawawezi kujitawala," nasi twakosa jibu.

Basi tufanye nini? Twawapa ninyi walimu na wainjilisti mambo manne.

La kwanza, tuwaombee watawala wetu kwa majina yao kila Jumapili, tukiomba wapewe masikio. Sulemani aliomba moyo wa kusikia, na Mungu alipendezwa na ombi lile.

La pili, tuwe watu wa kweli wakati intaneti iko wazi, ili tuaminiwe wakati imefungwa. Siku ya giza, nyumba ya mwinjilisti na iwe mahali ambapo uvumi hufia mlangoni. Ajulikane kuwa mtu asemaye, "Hili nimeliona, hili sikuliona."

La tatu, mawasiliano yakikatika, usharika usikatike. Wazee watembelee nyumba; wamwulize mjane kama mwanawe amerudi; wapeleke habari za mgonjwa kwa miguu, kama baba zetu walivyofanya walipotembea milima na mabonde na Neno la Mungu mikononi. Serikali yaweza kufunga nyaya, lakini haiwezi kuifunga njia ya kwenda kwa jirani.

La nne, tusinyamaze baadaye. Hili ndilo gumu kuliko yote. Intaneti ikirudi, watu hufurahi, husahau, na waliokufa gizani huzikwa mara ya pili. Mithali, mlango wa 31, yatuagiza kufungua kinywa kwa ajili ya asiyeweza kusema. Basi tuandike tuliyoyaona, kwa tarehe zake, bila kuongeza wala kupunguza. Tuwaendee wakuu kwa adabu, kwa barua yenye majina yetu, tukasema, "Mheshimiwa, jambo hili liliwaumiza watu wa Mungu, nasi twaomba lisifanyike tena." Elnathani, Delaya na Gemaria walikuwa watumishi wa mfalme yule yule, nao walimsihi. Hawakushinda, lakini majina yao yameandikwa katika Maandiko Matakatifu, nasi twayasoma leo.

Na mwisho wa mlango wetu ni huu. Gombo lilipokwisha kuwa majivu, Bwana alimwambia Yeremia achukue gombo lingine. Baruku akakaa tena, akachovya kalamu, akaandika maneno yote yaliyochomwa, na maneno mengine mengi ya namna ile ile yakaongezwa juu yake. Mfalme alitaka gombo lipungue, nalo likazidi. Kisu chake kimeoza, hakuna ajuaye kiko wapi. Gombo la Baruku liko mezani petu.

Basi, wewe uliye na mamlaka, kama maneno haya yakufikia, weka chini kisu chako, usome. Huenda yako mabaya, huenda yako ya kukuponya. Nawe uliyeandika, gombo lako likachomwa, usitwae upanga, wala usikae kimya. Keti tena, uchukue kalamu.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyewapa wanadamu kinywa na masikio, wape watawala wetu moyo usioogopa kweli. Utulinde na uongo wa midomo yetu wenyewe. Uwafariji waliokaa gizani wasijue habari za wapenzi wao. Na Neno lako lisifungwe kamwe kati yetu. Kwa ajili ya Yesu Kristo, Mwanao, Bwana wetu. Amin.